Kufundisha mtandaoni nikiwa nyumbani, nyota 4 kati ya 5

Mwaka wa pili huu nafundisha hesabu kupitia jukwaa moja la mtandaoni na kusema kweli darasani sirudi leo wala kesho. Ile kuamka alfajiri kugombania usafiri imeisha, saa mbili kasoro dakika tano ndo nanawa uso, juu shati limenyooshwa chini bukta, kamera haioni hahaa. Nilichopenda zaidi ni kuwa na mwanafunzi mmoja mmoja, yani nashea skrini anaandika mwenyewe naona palepale alipohamisha namba akasahau kubadili alama, kwenye darasa limejaa hicho ningekiona saa ngapi? Wale wangu wa pembeni natumia Zoom, ya bure inaishia dakika 40 kwa hiyo napanga somo la 35, imenifunza kuacha porojo.

Nyota moja nimeibana. Jukwaa linakata kamisheni, halafu mwanafunzi asipotokea unabaki robo saa unaangalia sura yako mwenyewe na hulipwi. Umeme ukikatika pia ni juu yako, weka bando la simu standbai. Na kiti nunueni cha maana mapema jamani, mi nilianza na stuli ya jikoni, mgongo bado unanidai.