Glavu ya kurushia nyundo, nimeitumia miezi minne
Jamani kama unarusha nyundo (ile ya riadha, tufe la chuma lenye waya na mpini) achana na glavu za kazi za mafundi, mimi zilinichubua vidole mpaka nikawa siwezi kukamua nguo. Hii ya ngozi ni ya kushoto tu maana kwa sie tunaotumia kulia, huo wa kushoto ndo mkono unaoshika mpini, ncha za vidole ziko wazi, ila pale mpini unapovuta ngozi ni nene mara mbili. Wiki ya kwanza ngumu kama ubao, ikishaloa jasho inalainika inakaa vizuri kabisa. Mshono wa gumba umeanza kuachia, hapo wamenikwaza.

Na msiseme glavu kitu kidogo. Anita Włodarczyk wa Poland alipewa glavu ya Kamila Skolimowska, bingwa wa Olimpiki Sydney 2000 aliyefariki 2009, akawa anarushia hiyo hiyo, na Agosti 28, 2016 pale Warsaw kwenye mashindano ya kumkumbuka huyo Kamila akatupa nyundo ya kilo 4 mita 82.98, rekodi ya dunia! Dhahabu tatu za Olimpiki huyo dada, mi namheshimu sana.

Chukua saizi inayobana kidogo, itatanuka.