Uzoefu wangu: ubao wa tanga wa kufundishia wanaoanza, hapa Mwanza

Wakuu, anayetafuta ubao wa tanga (windsurf) wa kufundishia asianze kuuliza lita, yaani ujazo wa ubao. Aulize upana. Huu ninaoutumia huku Luchelele una sentimita 90 na ushee, lita kama 220, na mkuku katikati, yaani bapa linaloshuka majini kuzuia ubao usisukumwe upande, unaokunjwa kwa mguu. Mtu wa kilo 85 anapepesuka juu yake, anainama kuvuta kamba ya kunyanyulia tanga, na ubao hauna habari naye. Ubao mwembamba wenye lita hizohizo utaelea vizuri tu, ila kila ukihamisha mguu unaogeshwa.

Lita nazo zina hesabu yake kwetu. Ziwa halina chumvi: lita moja inabeba kilo moja, bahari inaongeza gramu 25 hivi. Kwa lita 200 hiyo ni tofauti ya kilo tano. Tena tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo upepo uleule unalisukuma tanga kwa nguvu pungufu. Mwalimu wa pwani akikwambia mita tatu za mraba zinamtosha mwanafunzi, wewe ongeza kidogo.

Mkuku ndio uliofanya niridhike na hela yangu. Bila mkuku, anayeanza anasukumwa upande hadi atoke majini mbali na alikoingilia, arudi akiburuta ubao. Akiwa nao anajifunza mapema kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari. Na ukigonga jiwe, unajikunja wenyewe. Mawe ya Mwanza si yale ya Bismarck tu yanayopigwa picha; mengine yamelala chini ya maji yakikusubiri.

Pezi la nyuma lililokuja nao sikulipenda. Limesimama wima, likikutana na magugu maji linayakusanya yote. Nimeweka fupi lililolalia nyuma, majani yanateleza na kupita. Uzito pia ni kero: karibu kilo 16, watoto wanaubeba wawili wawili. Ila sakafu yake ya povu laini imeokoa magoti na videvu vingi, ingawa puani tayari imechanika, pale mlingoti unapoangukia.

Techno 293, ubao wa mashindano uliotumika Olimpiki ya Vijana ya Nanjing 2014, una upana wa sentimita 79. Kwa kijana anayejua kubisha ni ubao safi. Kumpandisha mjomba wa miaka 50 siku ya kwanza ni kumtafutia aibu.

Nafundisha alasiri, upepo ukitoka ziwani kuja nchi kavu. Anayeshindwa analetwa ufukoni. Alfajiri upepo unatoka nchi kavu, unampeleka mtu kwa wavuvi. Na kwenye matete, maji yaliyotulia, siingizi mwanafunzi, kwa sababu ya kichocho.

Kama bei ya mpya inakushinda, chukua uliotumika, lakini kagua kwanza tundu la mkuku na pale mlingoti unapofungwa. Ukiona ufa, unyanyue upande mmoja uusikilize. Ukisikia maji yanacheza ndani, mwachie mwenyewe.