Vitabu vya Zanzibar: ununue kipi kwanza, kipi kisubiri

Ukimuuliza muuza vitabu kitu cha kusoma kuhusu Zanzibar, siku hizi mkono wake utakwenda moja kwa moja kwa Abdulrazak Gurnah. Ndivyo ilivyo tangu apate Nobel ya fasihi mwaka 2021, na wala si kosa. Ila kama bajeti yako ni kitabu kimoja kwa sasa, na Kiswahili unakisoma kwa raha zako, Gurnah mpe zamu ya tatu. Kuna wawili wa kumtangulia.

Cha kwanza: Vuta N'kuvute, Adam Shafi (1999)

Yasmin, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka ambaye kwa umri angeweza kumzaa. Ndoa inamshinda, kwao wanamfungia mlango, anaangukia Ng'ambo, mitaa ya mji iliyo nje ya Mji Mkongwe, kwa shoga yake Mwajuma, mpenzi wa taarabu. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi, ambaye polisi wa Mwingereza hawambanduki mgongoni.

Ninakipa namba moja kwa jinsi kinavyoutembeza mji. Unajua nani anakaa Mji Mkongwe na nani anakaa Ng'ambo, na mtu wa upande huu akionekana upande ule majirani wataulizana kafuata nini. Siasa za kudai uhuru zimo humo humo ndani ya mapenzi, na mwandishi hakusimamishi hata mara moja akupe somo. Amil Shivji ameitengenezea filamu (2021). Itazame baadaye, usije ukasoma riwaya nzima huku sura ya Denge umeshapewa.

Sasa angalizo la dukani. Riwaya hii imesomeshwa sana shuleni, kwa hiyo sokoni vimejaa vijitabu vya uhakiki vyenye jina lake kwa herufi kubwa juu ya jalada. Mtu anafika nyumbani akidhani ana riwaya, kumbe kabeba dhamira, wahusika na maswali ya mtihani. Tazama jina la mwandishi, tazama na unene. Na ukiuziwa barabarani, fungua katikati: nakala za kurudufu huwa na maneno yanayomezwa na mshono, na kurasa zinaruka bila haya.

Ukimpenda Shafi, nunua na Kuli (1979), ya Rashidi na wapagazi wa bandarini na mgomo wao wa 1948. Ni nyepesi zaidi na ina kelele kidogo ya jukwaani, lakini kazi ya gati utaisikia mabegani.

Cha pili: historia ya Mapinduzi, lakini usichukue moja

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba 1963, Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, na hadi leo hakuna kitabu juu ya wiki hizo chache ambacho hakina upande. Ukisoma kimoja tu utatoka na hasira za mtu mwingine ukidhani ni maarifa yako.

Ndiyo maana nakitanguliza kitabu cha G. Thomas Burgess, Race, Revolution, and the Struggle for Human Rights in Zanzibar (2009). Ni kumbukumbu za watu wawili katika jalada moja: Ali Sultan Issa, mwanamapinduzi aliyepata kuwa waziri, na Seif Sharif Hamad, aliyekuja kuwa sauti kuu ya upinzani. Nchi ni ile ile, lakini hesabu zao hazilingani. Unalipia kitabu kimoja unapata ubishi mzima.

Kwa Kiswahili kipo Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany (2010), kilichojengwa juu ya masimulizi ya watu, na hoja yake ni kwamba mkono wa Tanganyika ulikuwa mzito kuliko tulivyosomeshwa. Kinene, kinawachukiza wengi, kisome hata kama utakuwa miongoni mwao. Kisha mtafute Jonathon Glassman, War of Words, War of Stones (2011). Huyu anarudi nyuma kwenye magazeti na mabishano ya kabla ya uhuru, na kuonyesha kwamba chuki za asili na rangi hazikuletwa zote na mkoloni ndani ya sanduku. Wasomi wa visiwani nao walizipika. Ni kizito, cha kusoma na kalamu mkononi. Kumbukumbu za Don Petterson, aliyekuwa mwanadiplomasia wa Marekani kisiwani mwaka 1964, ziache mwisho, kwani anachoona zaidi ni Vita Baridi.

Riwaya ya kwenda nayo ni Haini (2003), ya Shafi tena, kuhusu waliokamatwa baada ya Rais Abeid Karume kuuawa Aprili 1972. Usiisome usiku kama una kazi asubuhi.

Cha tatu: Gurnah

Wengi wanaanza na Paradise (1994). Ni nzuri mno, lakini sehemu kubwa ya safari yake iko bara, na Yusuf aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake anakiona kisiwa kwa mbali sana. Ukiitaka, chukua Peponi, tafsiri yake ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Mazungumzo yanarudi kwenye lugha ambayo yalistahili kusemwa. Kwa Zanzibar yenyewe, By the Sea (2001) ndiyo yenye thamani ya pesa: mzee muuza samani anatua uwanja wa ndege Uingereza na kijisanduku cha udi na pasi yenye jina la mtu mwingine, na kuanzia hapo ugomvi wa nyumba na mkopo unafunguka uzi kwa uzi.

Cha nne: zamani za masultani

Abdul Sheriff, Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar (1987), ndicho msingi. Kina majedwali, kina bei za pembe za ndovu, na ukikimaliza utaelewa kwa nini kimbunga cha 1872 kilichoing'oa mikarafuu ya Unguja kiliipa Pemba utawala wa zao hilo. Kikikuchosha, pumzika na kumbukumbu za Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anasimulia alivyojifunza kuandika kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ila akifika kwenye utumwa anautetea, tena bila kupepesa. Ndiyo sababu asisomwe kabla ya Sheriff.

Vya kuongezea

Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu, ulioandikwa na Shaaban Robert, ni mwembamba na haukosi thamani. Uweke pamoja na Pastimes and Politics (2001) cha Laura Fair, chenye kanga, mpira, taarabu na mgomo wa kodi za viwanja Ng'ambo mwaka 1928. Utengano (1980) wa Said Ahmed Mohamed na Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed ni za mtu anayetaka kujua ndani ya nyumba kulikuwaje kwa mtoto wa kike. Na kama unachotaka ni kujinyoosha tu, mpelelezi Bwana Msa na kiko chake wanakungoja katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) wa Mohammed Said Abdulla. Hicho hata toleo lililochakaa linafaa, mradi kurasa za mwisho zipo. Hakikisha kabla hujalipa.