Jumba la Makumbusho la Ghorofa ya Sita, Dallas: tathmini kwa wanaozichunguza picha

Yeyote anayefuatilia mauaji ya Rais John F. Kennedy kupitia picha zilizopigwa siku ile hana budi kulifikia Jumba la Makumbusho la Ghorofa ya Sita, lililopo Mtaa wa Elm namba 411, katikati ya jiji la Dallas, Texas. Jengo hilo ndilo lililokuwa ghala la vitabu vya shule ambamo, kwa mujibu wa Tume ya Warren, iliyoundwa na serikali kuyachunguza mauaji hayo, Lee Harvey Oswald alifyatua risasi tatu kutoka dirisha la kona ya kusini-mashariki, saa sita na nusu mchana wa Ijumaa, Novemba 22, 1963. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1989. Sitayatathmini kwa jicho la mgeni anayetaka kupita mara moja na kwenda zake, bali kwa jicho la mtu anayetaka kujua watafiti wasio na cheo wala mshahara wamefanya nini na picha hizi kwa miaka zaidi ya 60, na wapi kazi yao imesimama imara.

Watafiti hao wanastahili kuelezwa kwanza. Tume ilipotoa ripoti yake Septemba 1964, na miezi miwili baadaye majuzuu 26 ya ushahidi na mahojiano, walijitokeza raia wa kawaida walioyasoma majuzuu hayo ukurasa kwa ukurasa na kuanza kutafuta nakala bora za kila picha iliyotajwa. Mary Ferrell alikuwa katibu katika ofisi ya wanasheria hapo hapo Dallas. Penn Jones alihariri gazeti la mji mdogo wa Midlothian. Josiah Thompson alifundisha falsafa chuoni, kisha akaacha ualimu na kuwa mpelelezi binafsi. Ni usomaji wa namna hiyo uliobaini kwamba fremu mbili za filamu mashuhuri ya tukio, ile ya Abraham Zapruder nitakayoieleza chini, yaani ya 314 na ya 315, zilichapishwa kwa kupishana katika juzuu la 18, na J. Edgar Hoover, mkurugenzi wa FBI, akakiri kuwa lilikuwa kosa la uchapaji. Kosa hilo halikuwa dogo, kwa sababu fremu hizo zinafuata mara tu baada ya risasi ya kichwani, na atakayezitazama zikiwa zimepinduliwa mpangilio ataona kichwa cha Rais kikielekea upande usio wake.

Ukishapanda lifti na kufika ghorofa ya sita, kona ya dirisha lenyewe utaikuta imezungushiwa kioo, na ndani yake maboksi ya vitabu yamepangwa upya kufuata picha za wakati ule. Huruhusiwi kusimama pale, na naona ni uamuzi sahihi. Madirisha ya jirani yanatosha. Kinachomgusa mtu akiangalia chini ni udogo wa mahali: Mtaa wa Elm unakatiza karibu mno, kilima chenye nyasi na uzio wake wa mbao, ambako wengi wanadai alikuwako mfyatuaji wa pili, viko upande wa kulia, na eneo lote ambalo limeandikiwa maelfu ya kurasa linaenea katika mtazamo mmoja wa macho. Hapo ndipo picha zinapoanza kueleweka, kwa sababu sasa unajua kila mpiga picha alikuwa umbali gani na mwenzake. Modeli ya uwanja wa Dealey, yaani eneo hilo la mauaji, iliyotengenezwa na FBI kwa ajili ya Tume, ambayo nayo imo humu, husaidia kwa namna hiyo hiyo. Simama mbele yake kwa muda mrefu kuliko utakavyodhani inahitaji.

Mhimili wa makusanyo yote ni filamu ya Abraham Zapruder, mtengenezaji wa nguo za kike aliyekuwa na ofisi katika jengo la jirani. Alisimama juu ya jukwaa fupi la zege, karani wake akamshikilia kwa nyuma asipatwe na kizunguzungu, akapiga filamu ya rangi ya milimita 8 kwa kamera ya Bell & Howell. Ina fremu 486 na sekunde 26 na ushei. FBI waliipima kamera hiyo wakakuta inapiga wastani wa fremu 18.3 kwa sekunde, na tarakimu hiyo ndiyo iliyoigeuza filamu ya mtu wa kawaida kuwa saa ya tukio zima. Jarida la Life liliinunua na kwa miaka mingi likachapisha fremu chache tu. Umma wa Marekani haukuiona ikitembea kwenye televisheni ya taifa hadi Machi 1975, na aliyeipeleka studio alikuwa Robert Groden, mtaalamu wa picha aliyekuwa ameishughulikia kwa muda wake mwenyewe. Mwaka 1999 serikali iliamriwa kuilipa familia ya Zapruder dola milioni 16 kwa filamu halisi, inayotunzwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, na mwaka huo huo familia ikalikabidhi jumba hili hakimiliki.

Sasa nitazame kwa karibu jambo moja ambalo kwangu linaonyesha utafiti huu ukiwa katika ubora wake. Kuna sehemu ya filamu ya Zapruder ambapo gari la Rais linapita nyuma ya kibao cha barabarani, na kuanzia kama fremu ya 205 hadi ya 225 Kennedy haonekani kabisa. Anapojitokeza upande wa pili, mikono yake inapanda kuelekea kooni. Swali la lini alipigwa risasi kwa mara ya kwanza limefichwa nyuma ya kibao kile. Watafiti walifanyaje? Waliwatafuta wapiga picha wengine waliokuwa wakitazama kutoka upande tofauti, ambao hawakuzuiwa na kibao. Hugh Betzner alipiga picha yake kutoka nyuma ya gari, na Phillip Willis akapiga slaidi yake ya tano muda mfupi baadaye. Kwa kulinganisha mahali pa gari, watazamaji waliosimama kando ya barabara, na Willis mwenyewe anayeonekana ndani ya filamu ya Zapruder akiwa na kamera yake, picha ya Betzner iliwekwa kwenye fremu ya 186 na ya Willis kwenye ya 202. Kati yake zipo fremu 16, yaani chini ya sekunde moja. Slaidi ya Willis nayo inamwonyesha Zapruder juu ya jukwaa lake, kwa hiyo watu wawili wasiofahamiana wamepigana picha, na kila mmoja anathibitisha mahali alipokuwa mwenzake. Kazi hii haidai kumjua muuaji. Inadai tu nani alisimama wapi, na lini, na kwa sababu hiyo yeyote anaweza kuirudia na kufika palepale.

Picha ya Mary Moorman imekuwa na safari tofauti. Alikuwa upande wa kusini wa barabara na kamera ya Polaroid, akabonyeza karibu na fremu ya 315 ya Zapruder, sehemu ndogo sana ya sekunde baada ya risasi ya kichwani, na nyuma ya Rais ukaonekana uzio wa mbao. Picha yenyewe ni ndogo ya kutosha kiganjani, imefifia, na ina alama ya kidole gumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gary Mack na Jack White walikuza kipande kidogo mno cha nyuma ya uzio, wakaona umbo la mtu mwenye kitu kinachong'aa kifuani kama beji ya polisi na mwanga mbele ya uso kama wa bunduki. Wengine waliopima baadaye walisema kwamba, kama ni mtu wa kimo cha kawaida, angelazimika kuwa amesimama mbali nyuma ya uzio na juu kuliko ardhi inavyoruhusu. Mimi nimelitazama umbo hilo kwa makini na naona macho yangu yakikamilisha kile ambacho karatasi haikukihifadhi. Ukikuza picha kupita uwezo wa punje zake, unachokikuza ni madoa. Hata hivyo, simlaumu Mack. Aliendelea kusoma, akajiunga na jumba hili, akawa msimamizi wake wa makusanyo hadi alipofariki mwaka 2015, na heshima ya mahali hapa miongoni mwa watafiti wa pande zote inatokana kwa sehemu kubwa na mtu aliyetoka kwao.

Kutambua watu kwa kufanana sura ndiko kumewaponza wengi zaidi. Katika picha ya James Altgens wa shirika la Associated Press, mtu aliyesimama mlangoni mwa ghala alidaiwa kuwa Oswald. Uchunguzi wa Tume na ule wa kamati ya Bunge iliyoyachunguza upya mauaji mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikubali kwamba ni mfanyakazi mwenzake, Billy Lovelady. Wanaume watatu waliopigwa picha wakisindikizwa na polisi karibu na reli walipachikwa majina ya majasusi kwa miaka mingi, mpaka rekodi za kukamatwa kwao zilipojulikana mwaka 1992 na kuonyesha kwamba walikuwa wazururaji tu. Naye mtu aliyefungua mwavuli siku ya jua kali alijieleza mbele ya kamati mwaka 1978: alikuwa akimkejeli Rais kwa sababu ya baba yake, balozi wa zamani mjini London aliyeunga mkono siasa za Neville Chamberlain, waziri mkuu wa Uingereza aliyetafuta maridhiano na Hitler, ambaye mwavuli ulikuwa alama yake. Kila mara jibu lilitoka kwenye karatasi au kinywani mwa mhusika, si kwenye lenzi ya kukuzia.

Pamoja na hayo, picha mpya bado zinajitokeza, na hapa jumba linafanya huduma isiyofanywa na mwingine. Mwaka 2007 lilionyesha filamu ya mkazi wa Dallas iliyokuwa imekaa kwake zaidi ya miaka 40, iliyopigwa chini ya dakika mbili kabla ya mauaji. Ndani yake koti la Rais linaonekana limejikunja mgongoni. Mkunjo huo una uzito, kwa kuwa koti likijikunja kwenda juu, tundu lake hubaki chini kuliko jeraha lenyewe: tundu la risasi kwenye koti liko kama sentimita 14 chini ya ncha ya kola, na wapinzani wa nadharia ya risasi moja, inayosema kwamba risasi ile ile ilimpita Kennedy na kumpiga Gavana Connally aliyekaa mbele yake, waliliona liko chini mno. Filamu haimalizi ubishi, kwa maana haionyeshi sekunde yenyewe, lakini hakuna tena anayeweza kujadili tundu lile bila kujadili mkunjo.

Kwa upande wa huduma, tiketi hutolewa kwa muda maalumu, kwa hiyo ni vyema kununua mapema, hasa Novemba. Kifaa cha sauti kinachoelekeza wageni kinafaa kwa anayefika mara ya kwanza, ila kinakwenda kwa mwendo wake na kinamwondoa mtu mbele ya picha kabla hajamaliza kuitazama, mchunguzi akivue. Upungufu ninaouona ni kwamba picha za ukutani hazitoshi kwa uchunguzi wa kina. Anayetaka kulinganisha vyanzo anapaswa kuomba miadi katika chumba cha kusomea, ambako kuna vitabu, majarida na mahojiano ya mashuhuda, na namsihi aandike kabla ya kusafiri akitaja hasa anachotaka kukiona.

Nje, hali ni nyingine. Alama za X zilizochorwa barabarani si za jumba, na wageni hukimbilia katikati ya magari ili wapigwe picha juu yake. Nawaomba Waswahili wa Dallas na Fort Worth wanaowaleta wageni wao pale wawazuie. Wachuuzi wa magazeti watakueleza habari kwa uhakika mkubwa. Wasikilize kwa adabu, kisha waulize picha wanayoitaja ilipigwa na nani na kutoka wapi.

Ushauri wangu wa mwisho ni wa mpangilio: anzia uwanjani, usimame karibu na jukwaa la Zapruder, uvuke kwa taa hadi upande wa Moorman, utazame uzio kutoka pale, ndipo upande juu. Tenga nusu siku nzima.