Hilux ya 1996 na usukani uliokuwa unacheza: nilichobadilisha na kilichodumu

Pikapu yangu ni Hilux ya 1996, dizeli, ile yenye tosheni baa mbele (chuma kinachojipinda badala ya springi). (Wenye zile za ekseli nzima, mambo yenu ni mengine.) Inabeba viazi kutoka shambani Njombe hadi Makambako. Mwaka jana mbele ilichoka kabisa. Usukani ulikuwa na plei ya vidole vinne, ukifika 70 unatetemeka, na tairi la kushoto limelika upande wa ndani hadi waya unachungulia.

Fundi wa kwanza hata chini hakuinama. Alifungua boneti, akakaza skrubu ya juu ya stering'i boksi (boksi la gia za usukani), akachukua elfu ishirini yake. Plei ikapungua kweli, ila usukani ukawa mzito, na ukimaliza kona haurudi wenyewe, mpaka uurudishe kwa mikono. Nilivumilia siku tatu, mabega yakauma.

Wa pili aliniweka kwenye usukani, tairi zikiwa zimekanyaga chini, niuchezeshe kushoto na kulia kidogo kidogo. Yeye akaingia chini na tochi.

"Mzee, shuka uone mwenyewe."

Tukabadilishana. Aidla amu, ule mkono unaoshikilia vyuma vya usukani upande wa pili wa boksi, ilikuwa inapanda na kushuka unene wa kidole kabla tairi halijasogea hata kidogo. Bushi yake imekwisha. Boksi halikuwa na kosa lolote, tulilikaza bure. Akairudisha ile skrubu ilipokuwa. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini: bolijointi ya chini kushoto (kiungo cha mpira wa chuma kinachobeba tairi) inagonga. Akashika pembeni: tairodi zote mbili, vile vyuma vinavyosukuma tairi zikate kona, zimekwisha.

Hizo tairodi nilizinunua za bei rahisi, zikadumu miezi minne tu. Mpira wa vumbi ulipasuka, mchanga ukaingia, na nipo ya kupiga grisi hazikuwa nayo. Safari hii niliagiza za chapa ya 555 ya Japani kutoka Gerezani, Dar es Salaam, zikaja na basi. Boksi la dukani silo kipimo, maana hata zile za miezi minne zilikuja kwenye boksi zuri. Mimi nilipima kwa mkono: ile rahisi, tangu mpya, pini yake ilizunguka kwa vidole viwili, hizi zilikuwa ngumu, nilitumia kiganja kizima.

Kazi ilichukua siku nzima. Kilichonifurahisha ni kwamba fundi alitumia pula (kifaa cha kuvutia kiungo kitoke), hakugonga nati kwa nyundo na kuua nyuzi. Alipofungua tairodi ya zamani alihesabu mizunguko, akaandika 17 kwa chaki kwenye madigadi, akafunga mpya kwa hesabu ileile. Kotapini, zile pini za kuzuia nati zisifunguke, zote mpya. Kesho yake nikaenda kupima alaimenti (unyoofu wa tairi), na walirekebisha kidogo tu.

Spea na ufundi vilinigharimu laki nne na ushee. Iliniuma, lakini tairi mbili za mbele zingenigharimu zaidi.

Sasa ni miezi minane, msimu mmoja mzima wa viazi. Usukani unarudi wenyewe, tairi zinalika sawasawa, na grisi napiga kila nikimwaga oili. Shokapu ya kulia imeanza kuvuja. Hiyo nimeiacha hadi nilipwe mzigo wa mwisho.