Fonti ya brashi kwa kibao cha duka Lamu: ipi uchukue bure, ipi ulipie

Anayeuza maji ya mabungo Langoni, au anayetembeza wageni kwa mashua kutoka Shela, akitaka jina la biashara lenye uchangamfu hukimbilia fonti za mwandiko wa brashi. Ziko tele kama embe za msimu. Kabla ya kuchagua, andika kwanza "Mkunguni" na "ununuzi". Kiswahili hupanga m, n na u zikifuatana, na fonti nyingi za brashi zikishaziunganisha hujui n ni ipi, u ni ipi.

Mimi naiweka mbele Kaushan Script. Ni ya bure, mikato yake imepindapinda kidogo kwa makusudi, na herufi zake hazimezani. Mchoraji akiinakili kwa rangi ubavuni mwa mashua, inakaa kama ameiandika mwenyewe.

Caveat Brush ya Pablo Impallari naipa nafasi ya pili. Herufi zake zimeachana, kwa hiyo hata "ng'ombe" halikatiki. Iweke kwenye menyu na bei; kwa jina kubwa la mlangoni naiona ya kitoto.

Pacifico ya Vernon Adams ni nene, mtu akiwa bado kwenye boti ya Mokowe anaisoma. Ubaya wake ni kuzoeleka: kila mkahawa wa ufukweni unayo.

Hizo tatu zina leseni ya SIL Open Font License. Chapa fulana, stika, vibao, uza; ila usiiuze fonti yenyewe peke yake.

Brush Script ya Robert E. Smith (1942) na Mistral ya Roger Excoffon (1953) huenda tayari unazo, maana huja na Microsoft Office. Ya kwanza imechosha macho. Mistral ni kazi ya fundi hasa, imetokana na mwandiko wake mwenyewe, lakini ukiipunguza inavurugika.

Ya kulipia basi ni ya nini? Tazama neno "Baraka". A tatu zinazofanana kabisa zinafichua kwamba ni mashine, na Kiswahili kimejaa herufi a. Fonti nzuri za kulipia huwa na maumbo kadhaa ya herufi moja, zikajibadilisha zenyewe. Kama hiyo unayotaka kununua haina, bakisha pesa zako. Kama inayo, soma leseni: ya kompyuta, ya tovuti na ya programu za simu mara nyingi huuzwa mbalimbali.

Zile zenye kingo za brashi kavu, zilizochanikachanika, usizipeleke kwa mkata stika. Mashine itahangaika, na vipande vidogo ndivyo vitakavyobanduka kwanza kwa jua na chumvi.

Wala usiandike jina lote kwa herufi kubwa. Ukitaka sura ya jina la kanga, tafuta fonti ya herufi nene zilizosimama. Kiarabu nacho hakimo katika hizi zote. Kibao kikiwa na mstari wa Kiarabu, mpe anayeandika kwa kalamu.