Insulini ya mama imefika Kadutu kwa simu

Mama yangu anakaa Kadutu, hapa Bukavu, juu mlimani, na insulini yake, dawa ya kisukari, kabla ya kufunguliwa inatakiwa ikae kati ya digrii 2 na 8. Niliagiza kwa programu ya simu ya duka la dawa: nilituma picha ya ordonansi (karatasi ya dawa ya daktari), mfamasia wao akanipigia kuhakikisha dozi kwanza. Hapo nawashukuru kwa moyo wote. Motari (dereva wa pikipiki) alileta kisanduku chenye barafu, chupa imeviringishwa kitambaa isiguse barafu, maana insulini ikiganda imeharibika. Lakini programu inadai namba ya nyumba! Huku tunaelekezana kwa kanisa na bomba la maji. Tena ujumbe wa kukumbusha ulikuja siku dawa imeisha. Uje wiki moja kabla, tafadhali; mama hawezi kungoja.